Viti vitupu ndivyo vinavyochafua hewa

Tarehe 4 Februari 2024 wakazi wa Paris waliitwa kupiga kura juu ya jambo moja tu: je, magari mazito yalipe ada mara tatu yanapoegeshwa kwenye barabara za jiji? Waliojitokeza hawakufika hata asilimia 6 ya wapiga kura, lakini asilimia 54.55 kati yao walisema ndiyo. Kuanzia Oktoba mosi mwaka huo, mgeni anayeegesha katikati ya jiji gari la mafuta lenye uzito wa tani 1.6 au zaidi hulipa euro 18 kwa saa. Habari hiyo ilitufikia ikiwa imekatwa kichwa na miguu. Imezunguka kwenye makundi ya WhatsApp kwa maneno machache, kwamba Ulaya wamekataa magari makubwa, na mpaka leo mjadala wowote wa mazingira ukianza, lazima mtu ataikumbusha. Mmoja huitumia kumsimanga jirani mwenye Noah ya viti vinane. Mwingine huitumia kuthibitisha kwamba mazingira ni hoja ya matajiri, ya kutunyima raha tuliyoipata juzi. Wote wawili wameisoma vibaya, na kosa lao linatugharimu kwa sababu linatufanya tugombane juu ya ukubwa wa gari wakati jambo lenyewe ni uzito wake na idadi ya watu waliomo. Msimamo wangu ni huu: familia yenye watu wengi inayojaza gari lake haina sababu ya kuona haya. Mwenye kudaiwa maelezo ni yule anayeburuta tani mbili za chuma kwenda kazini akiwa peke yake.

Tuanze na walichoamua watu wa Paris wenyewe. Kipimo chao ni mizani. Gari la mafuta au haibridi linabanwa likifika tani 1.6, la umeme likifika tani 2. Mkazi anayeegesha mtaani kwake haguswi, teksi haziguswi, wala mwenye ulemavu. Viti havikuhesabiwa, na hapo ndipo wapinzani wao walipopata hoja nzuri, kwamba gari la mzazi wa watoto wanne linaweza kuwa zito sawa na la kijana anayependa tu kukaa juu. Hoja hiyo ina nguvu kiasi kwamba sheria ya nchi yenyewe iliiona mapema. Ufaransa ina kodi ya uzito inayotozwa gari jipya linaposajiliwa, iliyoanza mwaka 2022, na ndani yake mna nafuu kwa familia yenye watoto watatu au zaidi: kila mtoto hupunguza kilo 200 kwenye uzito unaotozwa. Soma sentensi hiyo tena, wewe unayedhani Ulaya imetangaza vita na familia kubwa. Wameandika ndani ya sheria ya kodi kwamba mtoto ni sababu halali ya kuwa na gari zito zaidi.

Na wana sababu ya kuhangaika na uzito. Kwa takwimu za Shirika la Kimataifa la Nishati, mwaka 2023 asilimia 48 ya magari mapya yaliyouzwa duniani yalikuwa yale tunayoyaita huku magari ya juu, yaani SUV. Gari la aina hiyo huwa na kilo 200 hadi 300 zaidi ya gari la kawaida la ukubwa wa kati. Yote yaliyoko barabarani duniani, mapya na ya zamani, yalitoa karibu tani bilioni moja za hewa ukaa mwaka huo, kiasi ambacho kama kingekuwa cha nchi moja, ingeshika nafasi ya tano kwa uchafuzi. Angalia nini kimetokea hapo. Katika nchi za Ulaya watoto wamepungua, nyumba zimebaki na watu wawili watatu, lakini gari limenenepa mwaka hadi mwaka. Limenenepa bila abiria. Ndiyo maana hasira ya Paris naielewa na naiunga mkono pale Paris, na ndiyo maana haiwezi kuhamishiwa Tabata au Kasarani kama ilivyo.

Kwetu hali ni nyingine. Utafiti wa afya ya uzazi Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta wastani wa watoto 4.8 kwa kila mwanamke, na kila anayeishi huku anajua kwamba hesabu ya nyumba haiishii kwa watoto wa kuzaa. Yupo mpwa aliyekuja kusoma sekondari mjini. Yupo bibi aliyeletwa kwa ajili ya kliniki ya sukari, amekaa mwezi wa tatu sasa. Yupo dada wa kazi. Nyumba ya namna hii ikinunua gari dogo la viti vitano haiwi nyumba ya watu watano. Inabanana. Umeona jinsi inavyokuwa Jumapili asubuhi: mama amepakata wawili mbele, nyuma watano wamepandiana mabega, na mtoto wa miaka mitatu amesimama katikati ya viti vya mbele, mkono mmoja kiti cha baba, mwingine kiti cha mama, uso wake ukiangalia moja kwa moja kwenye kioo. Baba akikanyaga breki ya ghafla, hakuna kitakachomzuia mtoto huyo. Anayeishauri familia hiyo ibaki na gari dogo kwa ajili ya dunia, basi amwambie pia huyo mtoto akae wapi na afunge mkanda upi.

Twende kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo wengi wanaporuka. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa, iwe imeungua ndani ya gari la nani. Chukua Noah ya zamani inayokwenda kilomita 10 kwa lita: inatoa gramu 230 kila kilomita. Ikiwa na watu wanane, kila mmoja anabeba chini ya gramu 30. Chukua IST inayosifiwa kwa kubana matumizi, inayokwenda kilomita 14 kwa lita, dereva yuko peke yake na begi la kompyuta kwenye kiti cha abiria: gramu 164 ni zake yeye mmoja. Yaani yule mwenye gari dogo, anayedhani yuko upande wa mazingira, amechafua zaidi ya mara tano ya kila abiria wa Noah. Na gari la juu linalokwenda kilomita 7 kwa lita kwenye foleni, likiwa na kichwa kimoja, linavuka gramu 320. Kuna jambo jingine linaloshangaza wengi nikiwaeleza: Noah nyingi zilizojaa mitaani kwetu zina uzito unaozunguka tani moja na nusu, zikiwa na viti vinane. BMW X5, yenye viti vitano kwa kawaida, inavuka tani mbili. Land Cruiser V8 inavuka mbili na nusu. Kwa mizani ile ile ya Paris, zipo Noah za viti vinane ambazo zingepita bila adhabu na X5 ikabaki inalipa.

Lakini haki itendeke pande zote, maana hesabu hiyo hiyo inaweza kumgeuka mwenye Noah, na hapa ndipo naachana na wenzangu wanaotetea gari la familia bila masharti. Muulize mtu kwa nini alinunua gari la viti vinane, mara nyingi atakutajia Desemba. Safari ya Moshi. Na kweli, kwa safari ile Noah ni hesabu nzuri: Dar es Salaam hadi Moshi ni takriban kilomita 560, lita 56, kilo 129 za hewa ukaa kwa watu saba pamoja na ndoo za mafuta ya kupikia na mchele wa Kyela kwenye keria. Familia hiyo hiyo ikigawanyika kwenye IST mbili ingechoma lita 80. Tatizo ni miezi kumi na moja iliyobaki. Anayeishi Bunju na kufanya kazi Posta huenda na kurudi si chini ya kilomita 50 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi, hizo ni kilomita 1,100, karibu sawa na kwenda na kurudi Moshi. Kila mwezi mmoja wa kazini ni safari moja nzima ya Desemba, ila safari hii viti saba havina mtu. Gari linalonunuliwa kwa ajili ya wiki mbili za mwaka linakula mafuta yake katika wiki hamsini nyingine. Mimi mwenyewe niliponunua gari miaka kadhaa iliyopita, nilishawishiwa na dalali kuchukua la viti vinane kwa maneno hayo hayo ya Desemba. Tulikuwa watu wanne nyumbani. Nililiendesha peke yangu miaka mitatu, kiti cha nyuma kabisa kikiwa kimekunjwa muda wote, na juu yake nikaweka jeki na dumu la maji.

Kwa hiyo shauri langu kwa familia ya watu wanne watano ni kununua dogo na kukodi Noah Desemba. Zinakodishwa kila mtaa, na mafuta unayookoa mwaka mzima yanasaidia kulipa fedha ya kukodi. Kwa familia ya saba nane, ambayo asubuhi inapakia watoto watano wa shule na jioni inawarudisha, viti vile vinafanya kazi kila siku, na hapo sioni hoja ya kuwanyima. Hata kwao, hata hivyo, kuna kuchagua. Sienta ina viti saba na injini ya cc 1,500. Wish ina viti saba na uzito wa gari la kawaida. Watu wanaziruka kwa sababu zinaonekana za chini, hazina ule mwonekano wa kufika mahali watu wakageuka, na wanaenda kuchukua gari lenye kilo 700 zaidi kubeba watoto wale wale.

Watetezi wa usafiri wa umma watasema nimewaacha nje, na hoja yao naiheshimu kuliko zote. Basi la abiria 57 likila lita moja ya dizeli kwa kilomita tatu hadi Moshi, kila abiria anabeba kama kilo 9 za hewa ukaa. Kwenye Noah yenye watu saba ni kilo 18. Basi linashinda hata Noah iliyojaa, na treni ya umeme iliyofika Dodoma mwaka 2024 imewapa wa njia ile njia nzuri zaidi. Ningependa kila familia ipande. Ila kwa safari za kila siku mjini, mtu anayemwambia mama mwenye watoto wanne apande daladala saa kumi na mbili asubuhi hajasimama naye kituoni. Konda anaangalia sare za shule, anajua nauli ya mwanafunzi ni ndogo, anapiga bodi ya gari, limeondoka. Mwendokasi, mradi wa mabasi ya haraka wa Dar es Salaam ulioanza Mei 2016 na ambao nilishangilia ulipoanza, unafika umejaa mlango hadi mlango, na mtoto wa darasa la pili anainuliwa na umati miguu haigusi sakafu. Mzazi anayeyaona haya kila siku na siku moja akapata mkopo wa kununua gari hajaasi mazingira. Amekimbia kituo. Tukitaka asilinunue, tuanze na kituo.

Sasa hoja ambayo naiona dhaifu kupita zote, na inayonisikitisha kwa sababu hutamkwa na watu wenye elimu: kwamba Afrika inatoa sehemu ndogo tu ya hewa ukaa ya dunia, chini ya asilimia 4, kwa hiyo tuache tuendeshe tunachotaka, wao kwanza. Takwimu ni ya kweli na madai ya haki yaliyomo ndani yake ni ya kweli. Ila hitimisho halifuati. Moshi wa gari una vitu vingi zaidi ya hewa ukaa, na sehemu kubwa ya hivyo haisafiri kwenda popote. Unaingia kifuani mwa mama anayekaanga mihogo pembeni ya barabara ya Manzese na mwa mwanafunzi anayesubiri kuvuka. Tena kila tone la petroli na dizeli tunalochoma Tanzania linanunuliwa nje kwa dola, na Kenya vivyo hivyo tangu kiwanda cha kusafisha mafuta cha Mombasa kilipoacha kazi mwaka 2013. Mwaka 2023 dola zilipoadimika tuliona baadhi ya vituo vya mafuta vikikauka, na aliyeumia zaidi hakuwa mwenye V8. Aliumia mwenye bodaboda, mwenye Fuso la mahindi, mgonjwa aliyesubiri gari. Lita inayoliwa na uzito usiobeba mtu ni dola iliyokosekana kwa dawa. Hii ingekuwa hoja kamili hata kama joto la dunia lisingekuwepo.

Hoja ya barabara mbovu ni nzito zaidi na inahitaji kugawanywa. Anayeishi Makete au Ludewa akasema anahitaji gari lenye tumbo la juu na injini inayovuta matairi yote manne, sina la kumjibu. Masika yakishika, gari la chini linabaki kwenye tope na mjamzito ndani yake. Lakini nenda Makete uhesabu hayo magari, kisha uje Masaki na Mikocheni uhesabu tena, ambako lami imelala kutoka geti hadi ofisini. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya tope yamejaa mahali pasipo na tope. Na huko yalikojaa yana madhara yake kwa wanaotembea kwa miguu, ambao ndio wengi wetu. Taasisi ya Marekani ya bima ya usalama barabarani, IIHS, ilichambua ajali karibu 18,000 za magari na waenda kwa miguu na kutoa matokeo mwaka 2023: gari lenye boneti iliyoinuka zaidi ya takriban mita moja lina uwezekano wa kuua ulio juu kwa asilimia 45 kuliko gari lenye boneti ya chini inayoteremka. Boneti ya mita moja ni tumbo la mtu mzima. Kwa mtoto mdogo wa shule ni kifua au kichwa. Mzazi anayesema amenunua gari la juu kwa usalama wa watoto wake anasema kweli, kwa watoto walio ndani.

Umeme utabadilisha sehemu ya mjadala huu. Ethiopia ilishafunga mlango kwa uagizaji wa magari binafsi ya mafuta mwaka 2024, na Kenya yenye mvuke wa Olkaria na Tanzania yenye bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 zina umeme ambao ungefanya hata gari kubwa liwe safi kuliko IST ya leo. Uzito hauondoki, kwani betri inauongeza, na mtembea kwa miguu anagongwa vile vile. Lakini kwa familia nyingi ninazozizungumzia hilo ni jambo la miaka kadhaa mbele. Leo wananunua gari lililotumika Japani, na watanunua kesho.

Kwa hiyo penye nguvu ni pale gari linapoingia nchini, na pale hatupimi kinachostahili kupimwa. Tanzania inatoza ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: zaidi ya cc 1,000 hadi 2,000 asilimia 5, zaidi ya hapo asilimia 10, kisha gari lililozeeka linaongezewa ushuru wa uchakavu. Kenya inakataa gari lililozidi miaka 8, na katika muswada wa fedha wa mwaka 2024 ilijaribu kuleta kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, ikaondolewa Juni, siku chache kabla muswada wote haujafa kwa maandamano. Umri ni kipimo kizuri. Cc zilikuwa kipimo kizuri zamani, kabla injini ndogo yenye turbo haijaweza kusukuma gari la juu lenye uzito wa tani moja na nusu na viti vitano. Leo gari hilo linalipa asilimia 5, na Noah ya cc 2,000 ya familia ya watu wanane inalipa asilimia 5 hiyo hiyo. Thamani nayo inapima mfuko tu.

Ningeweka kipimo kimoja badala yake: uzito wa gari ugawanywe kwa viti vyake. Noah ingepata chini ya kilo 200 kwa kiti. Sienta na Wish zingeikaribia sana. Land Cruiser V8, hata yenye viti vinane, ingevuka 300, na X5 ya viti vitano ingevuka 400, na kila hatua iwe na ushuru wake. Anayetaka X5 ataendelea kuinunua, ila alipie nafasi, lami na mafuta anayochukua. Mtu wa Makete apewe nafuu kwa wilaya anayosajilia, kama Ufaransa ilivyotoa nafuu kwa mtoto wa tatu. Udanganyifu utakuwepo, kama upo leo kwenye kushusha thamani ya gari bandarini. Mashine mpya haihitajiki, wala ofisa wa kuhesabu watoto wa watu. Kila gari linaloshuka meli kutoka Japani linakuja na cheti chake cha kusafirishwa nje, na kwenye karatasi hiyo, pamoja na namba ya chesisi na ukubwa wa injini, viti na uzito vimeshaandikwa tayari.